Kolajeni ya kano za ng'ombe haigandi kwenye nyuzi 37: tatizo liko wapi?

pipeti_na_barafu

Wadau wa maabara, hamjambo. Tunatoa kolajeni aina ya I (protini ya nyuzi inayoshikilia ngozi na kano) kwenye kano za ng'ombe ili tupate jeli ya kukuzia seli za ngozi kwa utafiti wa vidonda. Kwa macho kila kitu kinaonekana sawa, ila mwisho wa siku jeli haishiki.

Utaratibu ni huu. Kano mbichi gramu 60 kutoka machinjioni, zimekatwakatwa na kusagwa kwenye blenda dakika tano mfululizo pamoja na asidi asetiki ya 0.5 M (moli 0.5 kwa lita), mililita 600. Pepsini (kimeng'enya cha tumboni) ya unga gramu 0.6 imeongezwa, mchanganyiko ukakorogwa kwa sumaku saa 48 juu ya meza kwa sababu chumba baridi hakifanyi kazi. Halafu sentrifuji, mizunguko 4,000 kwa dakika, dakika 20. Kimiminika cha juu kikatiwa chumvi hadi 0.9 M, mashapo meupe yakakusanywa, yakayeyushwa tena kwenye asidi asetiki, kisha dayalisisi (kuchuja molekuli ndogo kupitia utando wa mfuko) ya siku mbili kwenye asidi asetiki ya 0.1 M. Mfuko unapitisha molekuli zenye uzito chini ya kilodaltoni 12 hadi 14.

Kipimo cha mwanga kwenye nanomita 280 kinasema 4 mg/ml. Kugandisha: mililita 8 za kolajeni, 1 ya PBS (bafa ya chumvi na fosfeti) mara kumi, 1 ya hidroksidi ya sodiamu 0.1 M, ndani ya inkubeta ya nyuzi 37 kwa saa moja. Inabaki maji maji, na ukiinamisha chupa unaona nyuzi nyuzi zinaelea.

Kwenye elektroforesisi (jeli ya asilimia 7.5) kuna mistari miwili karibu na kilodaltoni 120 na 130, chini yake ukungu mrefu unaoshuka, na mstari mwembamba lakini mkali karibu na 35. Tuongeze kolajeni au tuongeze muda?


mzee_wa_bafa

Usiongeze chochote kwanza. Huo mstari wa 35 ndio jibu la nusu ya swali lako: ni pepsini. Uzito wake ni takriban kilodaltoni 35, kwa hiyo mfuko wa 12 hadi 14 hauwezi kuutoa hata ukidayalaizi mwezi mzima. Kutia chumvi kwenye asidi kunaacha pepsini nyingi juu, lakini siyo yote, kwani mashapo ya kolajeni ni kama sponji na hufyonza kile kimiminika kilichoizunguka.

Sasa piga hesabu ya pale unapogandisha. Mililita 8 za asidi asetiki ya 0.1 M zina milimoli 0.8 za asidi. Mililita 1 ya hidroksidi ya 0.1 M ina milimoli 0.1 tu. Ile fosfeti ya PBS inasaidia kidogo, lakini bado unaishia pH ya 4 na ushee. Fomula ya 8:1:1 imeandikwa kwa kolajeni iliyo kwenye asidi hidrokloriki ya 0.01 M, ambayo kwa mililita 8 ina milimoli 0.08 tu za asidi; watu huinakili bila kuangalia kolajeni yao imelala kwenye nini. Kwenye pH ya 4 nyuzi za kolajeni haziundiki. Kibaya zaidi, pepsini bado inafanya kazi kwenye pH hiyo, na umeipa joto la 37, ambalo ni mlangoni kabisa mwa joto la kuyeyukia la kolajeni ya ng'ombe. Helisi (msokoto wa minyororo mitatu ya kolajeni) inapolegea, pepsini inaikata. Hiyo saa moja ndani ya inkubeta inakutengenezea jelatini, yaani kolajeni iliyofunguka.

Marekebisho, kwa mpangilio ninaoutumia kupima uzito wa kosa:

Ua pepsini kabla ya kitu kingine. Baada ya mmeng'enyo na sentrifuji, pandisha pH hadi 8 na uiache usiku kucha kwenye nyuzi 4. Kwenye pH hiyo pepsini huharibika moja kwa moja, hata ukirudisha asidi haifufuki. Mililita 600 za asidi ya 0.5 M zinahitaji milimoli 300 za hidroksidi, yaani karibu mililita 30 za hidroksidi ya 10 M. Tia tone kwa tone, chombo kikiwa kwenye barafu na kikikorogwa. Ukimwaga kwa pamoja, joto la asidi kukutana na hidroksidi linatosha kupandisha mchanganyiko wote nyuzi sita au saba, na pale tone linapoangukia ni zaidi ya hapo sana. Pepstatini ya 1 µM nayo inazima pepsini, lakini bei yake haina sababu hapa.

Ukishafika pH ya 8, usirudi kwenye asidi kabla ya kutia chumvi. Tia chumvi hapo hapo hadi 2.6 M, gramu 152 kwa kila lita, kidogo kidogo kwa muda wa saa nzima. Kolajeni aina ya I inashuka. Tafadhali iwe chumvi ya maabara. Ya dukani ina iodeti na dawa ya kuzuia kugandamana.

Mashapo yayeyushe kwenye asidi asetiki ya 0.5 M, kwa ujazo mdogo uwezavyo, halafu dayalaizi dhidi ya 0.02 M: asidi ya barafu mililita 1.15 kwa lita. Ujazo wa nje uwe angalau mara 20 ya ujazo wa ndani, ubadilishwe asubuhi na jioni siku tatu. Hapo ndipo hesabu ya kugandisha inakuwa rahisi: mililita 8 zina milimoli 0.16, unahitaji mililita 0.16 za hidroksidi ya 1 M, mililita 1 ya PBS mara kumi, na maji mililita 0.84. Jaribu kwanza kwa sehemu ya kumi ya ujazo huo, pima pH kwa karatasi (elektrodi ya kipima pH huziba kwa kolajeni na kuanza kudanganya), rekebisha, ndipo uchanganye nyingi. Lengo ni 7.2 hadi 7.4. Vyote viwe vya barafu, hata ncha za pipeti.


dada_sentrifuji

Mzee amesema vizuri, mimi naongeza mawili matatu aliyoyaruka.

Ile 4 mg/ml usiiamini. Kolajeni haina triptofani kabisa, na tairosini chache ilizo nazo ziko zaidi kwenye ncha, telopeptidi, ambazo ndizo pepsini inazikata. Kwa hiyo kwenye 280 kolajeni safi karibu haionekani. Unachosoma ni protini nyingine, pepsini ikiwemo, pamoja na ukungu wa vipande visivyoyeyuka. Njia ya rangi ya Bradford nayo haifai kama kipimo chako cha kulinganisha ni albumini ya ng'ombe. Kolajeni hushika rangi hiyo kidogo mno, utapata namba ndogo kuliko ukweli.

Kipimo cha kuaminika ni hidroksiprolini, asidi amino iliyo nyingi kwenye kolajeni. Chemsha sampuli kwenye asidi hidrokloriki ya 6 M, nyuzi 110, kwa saa 16 hadi 24, kwenye kichupa cha kioo kilichofungwa barabara. Kausha, sawazisha pH, tia kloramini T, kisha kitendanishi cha Ehrlich, usome karibu na 560. Namba ya hidroksiprolini zidisha kwa 7.5 hivi ili kupata kolajeni. Kama huna oveni ya kufika hapo, tumia rangi ya Sirius nyekundu, ukilinganisha na kolajeni ya kununuliwa iliyoyeyushwa kwenye asidi ile ile.

Halafu sentrifuji. Mizunguko 4,000 siyo kipimo mpaka useme rota. Kama nusu kipenyo ni sentimita 10, hiyo ni takriban 1,800 g, na kwa mchanganyiko mzito kama ute haitoi vipande vidogo. Unataka 10,000 g au zaidi, nusu saa, nyuzi 4. Kwa rota hiyo hiyo ni kama mizunguko 9,500. Ikishindikana, ongeza asidi baridi ujazo uwe mara mbili, ili ute upungue, usentrifuji kwa muda mrefu.

Na blenda, jamani. Dakika tano mfululizo? Gusa jagi baada ya dakika mbili utajua. Sehemu ya kisu inaweza kuwa moto sana hata kama kimiminika kizima kina baridi. Gandisha kano kwenye friza, zikiwa bado nusu barafu zikate kwa kisu cha upasuaji vipande vyembamba kama karatasi, chini ya milimita moja. Ukilazimika kusaga, sekunde kumi na tano, pumzisha dakika nzima, jagi likiwa kwenye barafu. Povu pia si zuri, hivyo jagi lijae karibu hadi juu.


kabete_histolojia

Naomba kutofautiana kidogo kuhusu joto la meza. Chumba cha Nairobi kikiwa na nyuzi 20 au 22, kolajeni ya ng'ombe kwenye asidi haiyeyuki. Inavumilia mpaka thelathini na kitu. Ingekuwa ngozi ya samaki wa bahari za baridi ningesema mwaga uanze upya, maana huko helisi hufunguka hata chini ya nyuzi 20. Kwa ng'ombe, ule ukungu kwenye elektroforesisi naona umetoka kwa blenda, na huko kwenye inkubeta mambo yakazidi.

Ila saa 48 mezani zina shida nyingine: pepsini inafanya kazi haraka zaidi kuliko unavyotaka, na stima ikipotea usiku sumaku inasimama, vipande vinakaa chini vikimeng'enywa upande mmoja. Kama chumba baridi hakipo, friji ya kawaida inatosha. Chupa pana, ujaze nusu, ilale ubavu juu ya kitikisi kidogo, waya upite pembeni mwa mpira wa mlango. Nyuzi 4, saa 48. Kwa ng'ombe mzee saa 72.

Na hapo ndipo ningekuuliza: kano ni za mnyama gani, na za sehemu gani? Ukienda machinjio ya Dagoretti ukaomba kano tu, unaweza kupewa ule mshipa mnene wa shingo. Huo ni wa manjano, unavutika kama mpira, na sehemu kubwa yake ni elastini. Pepsini na asidi hutapata kitu humo. Omba kano ya kisigino cha mguu wa nyuma, ile nyeupe inayong'aa juu ya kifundo, ukitaja na umri. Ng'ombe wa maziwa aliyestaafishwa ana viunganishi vilivyokomaa kati ya molekuli na molekuli, mavuno yanashuka vibaya. Ndama dume ni bora mara nyingi zaidi.

Kabla ya asidi, zioshe. Vipande vyembamba vikae usiku mmoja kwenye chumvi ya 1 M, Trisi ya 0.05 M yenye pH 7.5, EDTA ya 20 mM, mara mbili, kisha maji baridi mpaka yasitoe povu. Hiyo inaondoa damu, albumini na protini nyingine zinazoyeyuka, zile zile zilizokuwa zinakudanganya kwenye 280. Kama kuna mafuta ya kuonekana, pombe ya isopropili ya asilimia 10, saa kadhaa. Ukitaka PMSF (kizuia vimeng'enya vya kukata protini) kumbuka ni sumu, huyeyushwa kwanza kwenye pombe, na ndani ya maji nguvu yake huisha upesi, kwa hiyo tia mwanzoni mwa kila bafa mpya.


pipeti_na_barafu

Asanteni sana. Kano ni za kisigino kweli, nyeupe, ila umri hatukuuliza. Swali moja: zile mililita 300 zilizobaki kwenye friji zinaokoleka, au nimwage? Na je, kuna njia ya kujua helisi ni nzima bila mashine ya dikroizimu (inayosoma msokoto kwa mwanga), maana foleni yake huku ni ndefu?


mzee_wa_bafa

Kuna njia, na vifaa unavyo. Helisi nzima ya kolajeni haikatwi na tripsini (kimeng'enya kingine cha kukata protini) kwenye joto la chumba, jelatini inakatwakatwa. Chukua kolajeni mikrolita 100, sawazisha pH hadi 7.5 ikiwa baridi, ipunguze iwe takriban 1 mg/ml, tia tripsini ifike 0.1 mg/ml. Ile tripsini ya kubandulia seli ya asilimia 0.25 ni 2.5 mg/ml, basi sehemu moja kwa ishirini na nne. Dakika 10 kwenye nyuzi 20, si zaidi ya 25, kisha bafa ya SDS (sabuni ya elektroforesisi) na joto mara moja. Pembeni weka sampuli ile ile uliyoitia nyuzi 60 kwa dakika 10, ukaipoza, ukaipa tripsini hiyo hiyo. Na ya tatu bila tripsini.

Ya pili lazima ipotee yote. Kama haikupotea, tripsini yako imekufa na jaribio halina maana. Ya kwanza ikibaki na mistari yake miwili, wa juu ukiwa mzito kama mara mbili ya wa chini, helisi ni nzima na ukungu utakuwa umesafishwa. Mistari ikififia kwa nusu, ujue nusu ya ulichonacho ni jelatini.

Jambo la pembeni: kwenye elektroforesisi usitegemee maji yanayochemka. Kwa mwinuko wetu huu yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, yanatosha, ila yakipoa kidogo tu mistari ya beta (minyororo miwili iliyoungana) inapandana na uchafu. Bora bloku ya joto. Na usishtuke mistari kusomeka 120 na 130. Mnyororo mmoja una uzito wa karibu 95, lakini kolajeni hutembea polepole kuliko protini za alama.

Kuhusu mililita 300: zikipita jaribio, zitie pH 8 leo leo, chumvi ya 2.6 M, endelea. Zisipopita usizitupe, zinafaa kupakwa kwenye sahani ili seli zishike. Kwa jeli hazifai tena.


dada_sentrifuji

Niongeze kwenye matarajio ya muda. Kolajeni ya pepsini haina telopeptidi, na hizo ndizo zinazoharakisha nyuzi kuanza kujipanga. Kwa hiyo hata ikiwa nzima na pH ni sahihi, itachelewa: mpe saa moja na nusu au mbili, bila kuinua chupa kuchungulia. Kila ukitikisa wakati wa kuganda unavunja mtandao, na ndiyo zile nyuzi nyuzi zinazoelea. Chini ya 1.5 mg/ml jeli itashika lakini seli za ngozi zitaikunja ikawa kidonge. Kwa kazi ya vidonda anzia 2.

Mkitaka jeli inayoshika kwa nusu saa, fikiria mikia ya panya. Maabara zenye panya huwa na mikia inayoishia kwenye taka baada ya majaribio mengine kwisha, na inakaa vizuri kwenye friza. Vunja mkia kwa koleo mbili, vuta, kano zinatoka kama nyuzi nyeupe. Gramu moja kwenye mililita 100 hadi 150 za asidi asetiki ya 0.02 M, nyuzi 4, siku mbili. Hakuna pepsini, telopeptidi zinabaki, na shida yote ya kuua kimeng'enya inaisha. Mavuno ni madogo, basi. Kwa mkia, ni vizuri kamati ya maadili iwe imeshajua kwamba sehemu za mnyama zitatumika tena.


kabete_histolojia

Hapo kwenye kamati, na kwa ng'ombe pia. Mnyama wa machinjioni hakuuawa kwa ajili yenu, lakini hilo lisemwe kwa maandishi na kamati yenyewe, msijisemee. Kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, Kenya) kiwe kinataja tishu za wanyama. Na chukueni kano kwenye mzoga uliokwisha kupita kwa mkaguzi wa nyama na kupigwa muhuri, mwandike tarehe na namba ya fungu. Siyo karatasi kwa ajili ya karatasi: bruselosi na homa ya Q zipo kwenye mifugo yetu, na homa ya Bonde la Ufa imeshalipuka hapa 1997 hadi 1998 na tena 2006 hadi 2007. Anayekata kano mbichi avae glavu mbili na kinga ya macho, na blenda isifunguliwe palepale ikizimwa.


pipeti_na_barafu

Sawa kabisa. La mwisho: tunaitakasaje? Kichujio cha 0.22 kimeziba baada ya mililita mbili.


mzee_wa_bafa

Lazima kizibe, ni ute. Otoklevu nayo usifikirie, utatoa supu. Tumia klorofomu: chupa ya kioo (ya plastiki itayeyuka), klorofomu safi sehemu moja ya kumi ya ujazo wa kolajeni, imwage polepole ikae chini, kolajeni juu yake, nyuzi 4, usiku mzima bila kukoroga. Asubuhi vuta kolajeni ya juu ndani ya kabati la hewa safi, ukiacha sentimita moja karibu na mpaka. Kisha dayalisisi ya mwisho dhidi ya asidi asetiki ya 0.02 M iliyotakaswa, ili klorofomu iliyoyeyuka itoke. Mfuko uchemshwe kabla. Klorofomu iliyobaki iende kwenye chupa ya taka zenye halojeni, isiende sinki.

Hiyo inaua bakteria lakini haiondoi endotoksini zao (sumu za kuta zao). Seli za kinga na hata za ngozi zitazihisi, halafu mtaandika matokeo ya endotoksini mkidhani ni ya kolajeni. Vyombo vya kioo vioke kwenye nyuzi 250 kwa nusu saa au zaidi, visivyooka viloweshwe kwenye hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M usiku mmoja na kusuuzwa kwa maji ya sindano. Pima kwa LAL (kipimo cha endotoksini) kabla ya seli, ila punguza sampuli na usawazishe pH kwanza, maana asidi huzima kipimo hicho na kukupa sifuri ya uongo. Weka na sampuli iliyotiwa endotoksini ya kiasi kinachojulikana. Kiasi hicho kisiposomeka, namba zako nyingine zote za siku hiyo ziache.